Steringi nani, adui nani? Maswali yenu kuhusu filamu za uhalisia wa kijamii

Toleo lililopita niligusia kidogo tu filamu za uhalisia wa kijamii, mistari minne mitano hivi, alafu meseji zikaanza kuingia za kila aina, wengine wamefurahi wengine wamekasirika kabisa. Kwahiyo leo maswali ya mambo mengine yote nimeyaweka pembeni, tunaongelea hili tu. Nimechagua sita.

SWALI: Habari za kazi. Mi naangalia muvi tangu utoto, vibanda umiza vyote vya huku kwetu navijua. Juzi mshkaji kanirushia muvi ya zamani ya Kitaliano, haina hata rangi, jamaa kaibiwa baiskeli. Nimeangalia mpaka mwisho nasubiri apigane, hapigani. Sasa huyo ni steringi gani? Na mshkaji anasema hiyo ni moja ya muvi bora duniani. Naomba unieleweshe, hizi za uhalisia wa kijamii ndo muvi za watu maskini au ni nini haswa?
Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Karibu sana kaka. Swali lako umelianzia pazuri kwenye steringi, ngoja na mimi nianzie hapo hapo. Unakumbuka kibandani, mmebanana kwenye benchi, majina ya mwanzo hata hayajaisha kupita mtu wa nyuma ashauliza steringi nani? Adui nani? Ukishajibiwa hayo mawili unatulia, maana steringi hafi, na adui utamjua tu kwa alivyokunja sura. Muvi uliyoangalia inaitwa Ladri di biciclette, ya Vittorio De Sica, imetoka 1948, na kinachokusumbua ndani yake ni kwamba adui hana sura.

Hebu rudi uiangalie tena, safari hii fuata hela. Jamaa kapata kazi ya kubandika mabango baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, ila hiyo kazi anapewa mwenye baiskeli tu, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani wanaenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Alafu kuna kipande kifupi sana pale kwenye duka la rehani, mfanyakazi anachukua lile furushi la mashuka anaanza kupanda nalo kwenye rafu, anapanda, anapanda, na we unaona rafu zimejaa mafurushi ya watu wengine mpaka juu huko. Hakuna anayeongea chochote, ila ushajua kwamba mji mzima unalala bila mashuka. Mi kile kipande nimekiangalia mara nyingi na kila mara kinanishika hapa kooni.

Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibiwa. Na mwizi akija kupatikana unamkuta anaishi na mama yake kwenye kichumba, nyumbani kwenyewe hakuna kitu, kwahiyo hata ukitaka kumchukia humchukii vizuri. Kuna sehemu nyingine wapo hotelini, baba kaamua liwalo na liwe wale vizuri siku hiyo, anampa mtoto wake kalamu na karatasi wanapiga hesabu ya mshahara ambao angeupata kama baiskeli ingekuwepo. Msingi kiasi hiki, ovataimu kiasi hiki, posho ya familia kiasi hiki. Sisi hapa Dar neno hesabu tunalijua zaidi ya alivyotufundisha mwalimu, ukisema hesabu kwa konda au kwa dereva boda anajua unaongelea ile hela ambayo lazima imfikie mwenye chombo jioni hata kama mvua imenyesha kutwa nzima. Kwangu mimi uhalisia wa kijamii ndo huo, ni filamu inayojua hesabu. Inajua mhusika ana shilingi ngapi mfukoni, zinatoka wapi, zinaenda kwa nani, na nani aliyepanga iwe hivyo.

Ndo maana sio kila muvi ya maskini ni ya uhalisia. Muvi zetu ngapi zina maskini? Nyingi tu. Lakini umaskini kwenye hizo unaanguka kama mvua, mama wa kambo mbaya, shangazi mchawi, alafu dakika ya themanini anatokea kijana wa Masaki na gari lake anamuoa binti na tunaenda kulala. Hatujaambiwa yule binti alikua analipa kodi ya chumba shilingi ngapi, wala kwanini mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mpigo.

Historia yake kwa haraka haraka. Italia ilivyotoka vitani 1945 nchi ilikua imevunjika, studio kubwa ya Roma, Cinecittà, ikawa kambi ya wakimbizi, basi watengeneza filamu wakatoka nje na kamera zao barabarani, Roberto Rossellini na Roma città aperta mwaka huo huo, na wenzake wakafuata. Sio kwamba Waitalia ndo walikua wa kwanza duniani kuonyesha wafanyakazi, hapana, ila wao ndo waliofanya watu wa nchi zingine waseme kumbe hata sisi tunaweza. Waingereza wakaja na zao mwanzoni mwa miaka ya 1960, za vijana wa viwandani. India ilikua imeshatangulia na Satyajit Ray na Pather Panchali, 1955, huyo aliiona hiyo hiyo ya baiskeli akiwa London 1950, akarudi kwao akaweka mpaka vito vya mkewe rehani ili amalizie filamu yake. Rehani tena, unaona.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea sanaa. Kwenye kazi ya darasani niliandika uhalisia wa kijamaa nikaambiwa nimekosea ni wa kijamii, mwenzangu akasema ni kitu kimoja. Tofauti ni nini au ni herufi tu?
Mwanafunzi, Kinondoni

JIBU: Mdogo wangu ni herufi mbili tu za mwisho lakini ndani yake kuna mambo makubwa, na kwenye lugha yetu hii maneno yenyewe yanafanana sana, kwahiyo uko kwenye haki kuchanganyikiwa.

Uhalisia wa kijamaa ulikua sera ya serikali. Ulipitishwa rasmi kule Urusi ya Kisovieti kwenye mkutano mkuu wa waandishi wa mwaka 1934, na maana yake msanii anaagizwa aonyeshe maisha jinsi yanavyoelekea kuwa mazuri chini ya ujamaa, mkulima ana misuli, trekta jipya, kila mtu anatazama mbele kwa matumaini. Jibu linatangulia alafu ndo filamu inafuata. Uhalisia wa kijamii unakwenda kinyume, unaanza na mtu aliyebanwa na unabaki pale pale na yeye, na mara nyingi anayeulizwa maswali ni hiyo hiyo serikali au mwenye kiwanda au mwenye nyumba.

Na sisi hapa tumepita kwenye njia panda hiyo hiyo. Azimio la Arusha 1967, mwaka unaofuata ikaundwa Tanzania Film Company, na filamu zake za miaka ya 1970 kama Fimbo ya Mnyonge zilikua na kazi ya kuwaonyesha watu uzuri wa vijiji vya ujamaa. Sizibezi hata kidogo, zilikua za kwetu, kwa Kiswahili chetu, na mkulima alikua ndo mhusika mkuu, ambacho sio kitu kidogo kwa nchi iliyokua imezoea kuona Wazungu na ng'ombe wao wa Texas. Ila ukiziangalia ujiulize swali hili moja, je mhusika anaruhusiwa kufika kijijini akakuta mambo hayaendi? Kama haruhusiwi basi umejua uko upande gani wa zile herufi.

SWALI: Kwanini hizo filamu haziishi? Yaani inakatika tu.
Msomaji, Ukonga

JIBU: Zinaisha kaka, ila hazikudanganyi kwamba tatizo limeisha. Yule baba wa baiskeli mwishoni anajaribu kuiba na yeye, anakamatwa mbele ya mwanae, mwenye baiskeli anamwachia, wanatembea na mtoto kamshika mkono wanapotelea kwenye watu. Kesho yake bado hana baiskeli. De Sica angempa baiskeli angetupa raha ya nusu saa, na tusingeendelea kuiongelea mpaka leo.

SWALI: Mwanangu mi sikuelewi na hayo mafilamu yako unayoyasifia. Mimi nina watoto watatu, nauza chakula, naamka saa tisa usiku, deni la kausha damu linanisubiri kila siku ya Mungu. Nikirudi nimechoka nikae tena kwenye tivii niangalie mtu mwenye shida kama zangu? Si bora niangalie watu wazuri wamevaa vizuri roho yangu ipumzike?
Mama, Tandika

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana na majukumu, na nimeisoma meseji yako mara kadhaa maana ndo iliyokaa kichwani kwangu kuliko zote.

Kwanza una haki ya kupumzika, hakuna mtu wa kukwambia uangalie nini ukiwa umeamka saa tisa usiku. Mama yangu mimi alikua anauza vitumbua Manzese, na jioni akitaka kucheka anataka kucheka, basi. Hilo sibishani nalo.

Ila naomba nikukumbushe kitu ambacho naamini wazee wako walikua wanakisimulia. Awaara ya Raj Kapoor, ile ya 1951, hapa Dar es Salaam na Zanzibar watu waliipenda mno, nyimbo zake watu waliziimba bila kujua Kihindi. Na hadithi yake ni nini? Jaji anaamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, alafu filamu inamuonyesha mwanae wa damu mwenyewe kawa mwizi kwasababu ya njaa na mtaa aliokulia. Kuna nyimbo humo, kuna mapenzi, kuna nguo nzuri, ila kilichowaliza watu ni kile, kwamba ubaya wa mtu hautoki kwenye damu. Kwahiyo watu wa hapa walikua wanalipa hela yao waangalie shida, ila shida iliyoelezwa ikaeleweka. Kuangalia shida iliyoelezwa na kuishi kwenye shida ni vitu viwili tofauti kabisa mama.

Ngoja nikupe mfano mwingine. Tarehe 16 Novemba 1966 televisheni ya BBC ilionyesha Cathy Come Home ya Ken Loach, mume anaumia kazini, kipato kinakatika, familia inahama nyumba hadi nyumba inazidi kushuka, mwishoni mama anakaa na watoto stesheni ya treni na maafisa wanakuja kuwachukua wale watoto wakiwa mikononi mwake. Karibu watu milioni 12 waliiona usiku mmoja, Uingereza yote ikazizima, ikaongelewa mpaka bungeni. Kabla ya hapo mama asiye na nyumba alikua anaambiwa ni mzembe. Baada ya hapo ilikua vigumu kidogo kulisema hilo hadharani.

Sasa fikiria kausha damu. Leo mtaani mama akishindwa marejesho wakaja kumbebea godoro na tivii majirani wanasema si alikopa mwenyewe, anapenda mambo makubwa. Nani kamuonyesha huyo mama kwenye filamu tangu siku alivyokopa laki moja ya ada, akapewa pungufu kwasababu ya fomu na makato, akaanza kurejesha kesho yake asubuhi kabla sufuria halijapata moto? Hiyo filamu natamani iwepo. Na natamani siku moja uiangalie, labda jumapili, na jirani yako awe amekaa pembeni yako, yule aliyesema unapenda mambo makubwa.

SWALI: Afrika tunazo hizi au ni za Wazungu tu?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Tunazo na ni nzito. Ousmane Sembène wa Senegal alikua kuli bandarini Marseille kabla hajawa mwandishi, alafu akaenda kusomea filamu Moscow akiwa mtu mzima. 1963 akatoa Borom Sarret, haifiki hata nusu saa, inahusu mwenye mkokoteni wa farasi hapo Dakar. Kutwa anabeba watu, wengine hawalipi, jioni tajiri mmoja anamwambia ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamkamata, mkokoteni unachukuliwa, abiria kaondoka bila kulipa, jamaa anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mkewe anamkabidhi mtoto anatoka, anasema leo tutakula. Hatuambiwi anaenda wapi. Mtu yeyote aliyewahi kuona mkokoteni unasukumwa Kariakoo na yale magunia, na akajua ni barabara zipi haupiti, haitaji kutafsiriwa chochote pale.

Miaka mitano baadae akatoa Mandabi, kwa Kiwolofu, watu wakasikia lugha ya Kiafrika kwenye filamu ndefu. Mzee katumiwa hela na ndugu yake aliyeko Ufaransa, hela ipo posta, ila hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha, stempu, na kila dirisha linampeleka dirisha lingine. Hamna bunduki humo ndani lakini jasho linakutoka.

Hapa kwetu mtafute Amil Shivji, T-Junction yake ndo ilifungua tamasha la filamu la Zanzibar mwaka 2017, ndani yake kuna watu wanaofanya biashara barabarani Dar na kinachowapata. Kenya kuna Nairobi Half Life ya 2012. Anza na hizo.

SWALI: Mimi ni dereva boda, niko Buza, niko kwenye mkataba, imebaki miezi mitatu pikipiki iwe yangu. Nina stori inanizunguka kichwani, mtu wa mkataba kama mimi, wiki ya mwisho kabisa pikipiki inakamatwa. Nataka niirekodi kwa simu na washkaji wa kijiweni. Wengine wananicheka wanasema bila kamera kubwa na mastaa haiwezekani. Nianzie wapi?
Dereva, Buza

JIBU: Kaka yangu hiyo stori nzuri sana, wala usimpe mtu mwingine. Wanaokucheka waambie hivi, mtu aliyecheza kama baba kwenye ile filamu ya baiskeli aliitwa Lamberto Maggiorani na alikua fundi wa kiwandani, hajawahi kuigiza. Kulikua na hela ya Marekani inataka Cary Grant, staa wa Hollywood, acheze, De Sica akakataa. Luchino Visconti, Mwitaliano mwenzake, kwa filamu yake La terra trema iliyotoka 1948 hiyo hiyo, alienda kijiji cha wavuvi Sicily, Aci Trezza, akawachukua wavuvi wenyewe wakaongea kilugha chao ambacho hata Waitalia wengine walikua hawakielewi. Loach akafanya Kes, 1969, pale Barnsley, Uingereza, mtoto anayecheza alikua mwanafunzi wa hapo hapo. Kwahiyo washkaji wako wanatosha, na waongee kama wanavyoongea kijiweni, usiwaandikie Kiswahili cha taarifa ya habari.

Kabla hujashika simu chukua karatasi ya hesabu. Andika siku moja ya huyo mtu, hesabu ya bosi elfu kumi, mafuta kiasi gani, oili, hela ya kula, hela aliyoacha nyumbani asubuhi, michango ya kijiwe, na akipigwa faini ni shilingi ngapi. Kila sini ujue ana ngapi mfukoni. Mwangaliaji hatatajiwa zote lakini we ukizijua zitaonekana, mtu mwenye mia tano anasimama tofauti na mwenye elfu ishirini.

La pili ndo naona utapata nalo shida zaidi, bosi. Najua kuna kishawishi cha kumfanya mwenye pikipiki awe adui, tumbo kubwa, miwani, anafoka kwenye simu. Usifanye hivyo. Wenye pikipiki wengi mtaani unawajua, ni nesi, ni mwalimu, ni mama wa duka kachukua mkopo wa kikoba akanunua pikipiki moja ili naye apumue. Pikipiki ikikamatwa na yeye marejesho yake yamesimama. Waweke hao wawili chumba kimoja, wote wana haki wote wamebanwa, wakae na karatasi ya mkataba mezani. Hiyo sini ukiipata umepata filamu.

Rekodi kwa kufuata mpangilio wa stori kama inawezekana, mwanzo mpaka mwisho, Loach alikua anafanya hivyo na waigizaji wake alikua anawapa habari kidogo kidogo ili wasijue kinachokuja. Siku ya kukamatwa pikipiki mshkaji wako anayecheza asijue ni siku hiyo. Na msimpe cha kufanya mikono yake isichokijua, akae anakaza cheni, anafuta kioo, anahesabu chenji. Sauti ndo itakayokuangusha kuliko picha, kwahiyo tafuta kamaiki kadogo ka kubana kwenye shati, na sini za maongezi fanyeni jumapili asubuhi mapema kabla daladala hazijachangamka.

Alafu nenda serikali ya mtaa waambie mapema, na kibali cha Bodi ya Filamu ulizia, sheria ya filamu ipo tangu 1976 na ukitaka kuionyesha hadharani utakuja kukihitaji tu.

La mwisho, Maggiorani baada ya filamu alirudi kiwandani, na baadae akapunguzwa kazi. Dunia nzima ilikua imeiona sura yake na yeye anatafuta kibarua. Kwahiyo siku za kurekodi kila mshkaji anayepaki boda yake ili akusaidie ana hesabu yake jioni. Iweke kwenye bajeti hiyo hela, kabla ya maiki, kabla ya kila kitu, kama haitoshi kwa siku tano rekodini siku mbili. Na ile karatasi ya hesabu ukimaliza kuiandika nitumie picha yake.